Namna ya kuandika habari za kweli za uvuvi wa biashara na maisha ya kisiwani: mwongozo kamili

Makala nyingi za wavuvi ukizisoma utakuta karibu zote ni moja: jua linazama, mzee mikono imekakamaa, bahari katili, habari imeisha. Unamaliza kusoma na bado hujui mafuta ya safari alitoa nani, samaki waliuzwa kwa nani, na yule kijana aliyekuwa anakumba maji usiku kucha aliondoka na nini mkononi. Msimamo wangu mimi ni kwamba habari ya uvuvi iko kwenye kazi na kwenye mgao, hayo ya machweo yatakuja yenyewe kama yapo, na mwongozo huu nimeupanga hivyohivyo, yaani sehemu ya hesabu nimeikalia sana na sehemu nyingine nimepita haraka. Unakufaa kama unataka kuandika makala ndefu, kitabu, au hata vipande vifupi vya kuunganisha baadaye.

Hatua ya 1: Punguza mada, afu ipunguze tena

Uvuvi ni dunia nzima, huwezi kuuandika wote. Chagua boti moja, au aina moja ya samaki, au msimu mmoja, au diko moja, yaani sehemu ya pwani boti zinaposhusha samaki. "Maisha ya wavuvi wa kisiwani" haiandikiki, utazunguka mpaka uchoke, lakini "boti moja ya dagaa, kutoka mwezi mchanga mpaka mwezi mpevu" inaandikika kabisa maana ina mwanzo, ina mwisho na ina sababu zake ndani: wanaovua kwa taa wanategemea giza, mwezi ukishakuwa mkubwa taa haivuti samaki vizuri, kwa hiyo siku zile boti zinapumzika, nyavu zinashonwa, injini inafunguliwa na madeni yanaongelewa. Hapo kalenda imeshakupangia sura.

Kupima kama umepunguza vya kutosha jiulize: safari hii ikirudi mtupu, nani hasa anapata hasara na kiasi gani? Kama unajibu kwa neno "jamii" bado mada ni kubwa mno.

Hatua ya 2: Soma kabla hujaenda kuuliza

Wavuvi ni watu wa kuongea ukiwakuta wametulia, ila wanachoka haraka na mtu anayewauliza vitu ambavyo angevijua kwa kusoma jioni mbili tu. Jua zana kwanza. Jarife linaning'inia majini likisubiri samaki ajinase mwenyewe, nyavu ya kuzungushia inafunga kundi zima kwa mkupuo, nyavu ya kukokota inaburutwa na meli, mshipi mrefu unaweza kuwa na ndoana mamia au maelfu kwenye kamba moja, na mtego unaachwa chini afu unarudiwa. Kila zana ina saa zake, ina majeraha yake, na ina kesi zake, jarife kwa mfano linanasa kasa na pomboo ambao hakuna aliyewataka, na nyavu ya kukokota inagombaniwa kwa sababu ya inavyoparura chini ya bahari. Ukishaijua zana, nusu ya maswali yako yamejipanga.

Afu maji. Sehemu nyingi yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, ndo maana kila siku yanachelewa kama dakika 50. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, linakuja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu, yale yasiyosogea sana, yanakaa katikati. Hili likikuingia kichwani utaacha kuandika "waliondoka alfajiri" kwenye kila ukurasa, maana wenye boti za kukwama mchangani wanatoka maji yakiwaruhusu, leo wakitoka saa tisa usiku, wiki ijayo inaweza ikawa saa tatu asubuhi, na mwili wa mtu unaoishi kwa ratiba ya hivyo ni habari tosha.

Upepo nao usiuandike kwa "mkali" na "mkali sana". Kipimo cha Beaufort kinaanzia 0 mpaka 12 na kinaendana na vitu vya kuona kwa macho: kwenye 4 upepo unakwenda maili za bahari 11 mpaka 16 kwa saa na povu jeupe unaliona mara kwa mara, kwenye 6 unafika 22 mpaka 27 na kwa boti ndogo hapo mtu mwenye akili anaangalia pwani. Maili moja ya bahari ni mita 1,852, usiichanganye na maili ya barabarani.

Sheria pia usiikimbie. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa nchi yenye pwani maili 12 za bahari yake kabisa na mpaka maili 200 za ukanda wa uchumi, kwa hiyo mtu akikwambia "meli za wageni zinamaliza samaki wetu" swali la kwanza ni zilikuwa umbali gani, na zilikuwa na leseni au hazina. Kama ziko na leseni, habari yako imeshahama, sasa inahusu nani alisaini. Na kama unaandika kuhusu wanaofanya kazi kwenye meli kubwa, soma Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 188 wa mwaka 2007 ulioanza kutumika 2017, unataka mvuvi awe na makubaliano ya kazi ya maandishi na muda wa kupumzika, halafu angalia kama bendera ya meli hiyo ni ya nchi iliyoridhia.

Hatua ya 3: Ingia kwa mlango

Usianze na nahodha peke yake. Boti ina mwenyewe, ambaye mara nyingi haendi baharini, ina nahodha, ina mabaharia, na nje ya boti kuna dalali, mchuuzi, fundi injini, anayekausha, anayekopesha. Ukiingia na mmoja tu utaonekana ni mtu wake na wengine watakupa majibu ya heshima, yaani majibu yasiyo na kitu.

Sema wazi unaandika nini, itatoka wapi, na utatumia majina au hutumii. Sema mapema, kabla hujatoa simu kurekodi. Na sema pia usichokuwa: wewe sio mkaguzi, sio wa kodi, sio wa mradi unaoleta injini. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mtu akiamini umekuja na msaada atakusimulia shida tu, siku nzuri zote anazificha, na utarudi na habari ya kilio ambayo ni nusu ya ukweli.

Siku za mwanzo usiulize sana. Kaa wanaposhonea nyavu. Kama kuna kazi ya mikono unayoiweza, kushika uzi, kubeba ndoo, fanya, ila usijifanye fundi.

Kitu kimoja usikiguse: sehemu wanazovulia. Nahodha akikupeleka kwenye mwamba wake wa siri amekuonyesha mali yake, kwa hiyo zima ramani kwenye simu, usipige picha inayoonyesha alama za nchi kavu anazolengea, na kwenye kuandika sema "mwendo wa saa moja na nusu kutoka pwani" inatosha.

Hatua ya 4: Ukiwa botini

Hapa naandika kwa ufupi na kwa ukali kidogo maana ni suala la uhai. Vaa jaketi la kuokolea hata kama wao hawavai, na kama boti haina lolote na huna la kwako, usiende, subiri safari nyingine. Mwambie mtu wa pwani unatoka saa ngapi na mnategemewa kurudi lini. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kuondoka, ukisubiri uanze kutapika umeshachelewa. Angalia mbali kwenye upeo, usiangalie simu.

Muhimu kuliko yote: jua pa kusimama. Muulize nahodha "nikae wapi nisiwazuie?" na akikuonyesha kaa hapo. Usiweke mguu ndani ya duara la kamba iliyolala sakafuni, kamba ikianza kukimbia na nanga au na mshipi wenye uzito itaufunga mguu na kukutoa nje kabla hujapiga kelele. Usisimame kwenye mstari wa kamba iliyokazwa na winchi. Ndoana zikianza kutoka, mikono yako iwe mifukoni.

Na usitake picha wakati wa kuvuta. Subiri.

Hatua ya 5: Daftari

Chukua penseli, sio kalamu ya wino. Wino wa kalamu nyingi unatawanyika ukipata maji, risasi ya penseli inabaki palepale. Daftari dogo la kuingia mfukoni, ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, penseli imefungwa kwa uzi. Simu ya kurekodi ni nzuri ila upepo unaimeza sauti yote, kwa hiyo iweke ndani ya jaketi karibu na shingo na uongee wewe mwenyewe kwa chini, saa na kinachoendelea: "saa nane na ishirini, wameanza kuvuta, wa tezini anasema kamba imekwama" (tezini ni nyuma ya boti).

Kwenye daftari andika saa pembeni ya kila mstari, hiyo ni lazima, maana baadaye utakuta safari uliyodhani ni ya kuvua ilikuwa zaidi ya nusu ni kusubiri, kwenda na kurudi. Andika nani kafanya nini kwa mkono upi. Andika walichobishania. Andika harufu, ndiyo, ila andika ya nini: mafuta ya injini, chambo kilicholala, barafu yenye maji ya damu ni vitu vitatu tofauti na havinuki sawa.

Mkirudi usilale kwanza. Najua umechoka, lakini maandishi yaliyoandikwa mkono unatetemeka yanasomeka siku hiyohiyo tu, kesho yake utakuwa unabahatisha, afu kuna mambo mengi uliyaona na hukuyaandika kabisa kwa sababu mikono ilikuwa inashikilia ubao, hayo yaandike sasa hivi na uyawekee alama kuwa ni ya kumbukumbu, sio ya papohapo.

Hatua ya 6: Mfuate samaki akishashuka

Waandishi wengi wanaishia boti ikigusa mchanga. Hapo habari iko katikati tu. Samaki akishatoka majini saa inaanza kuhesabu, na kila anayemshika baada ya hapo anashindana na joto. Barafu ikitosha inamweka karibu na nyuzi 0, na kwenye hali ya joto watu wa ubora wanashauri barafu kilo moja kwa samaki kilo moja, sasa angalia kwenye boti unayoandika ni kiasi gani na uulize kwa nini ni pungufu, jibu lake mara nyingi linakupeleka kwenye umeme, kwenye kiwanda cha barafu kilicho mbali, au kwenye mkopo.

Jifunze kuangalia kama mnunuzi anavyoangalia. Jicho la samaki mbichi limejaa na linang'aa, likianza kudidimia na kuingia ukungu siku zimepita. Anafunua matamvua kwa kidole: mekundu mazuri, au yamegeuka kahawia. Anabonyeza nyama, inarudi au inabaki na shimo. Yote hayo yanafanyika kwa sekunde chache na bei inashuka hapohapo bila mtu kusema kwa nini. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto wanatengeneza sumu ya histamini, na hiyo ukipika haitoki, kwa hiyo mchuuzi anayekataa jodari aliyekaa juani kwa muda wa saa sita sio mkorofi.

Fuata mpaka mwisho unaoweza kufika: anayeanika, anayekaanga, anayefunga kwenye makontena, gari la barafu, kiwanda. Na hesabu wanawake ni wangapi kwenye mnyororo huo. Sehemu nyingi duniani botini wako wanaume peke yao, afu ukishuka pwani unakuta biashara, ukaushaji na mikopo midogomidogo imeshikwa na wanawake, kwa hiyo habari inayoishia majini imewafuta watu nusu.

Hatua ya 7: Mgao

Sasa ndo tumefika. Ukifanya hatua hii vizuri hata nyingine zikilegea utakuwa na kitu cha kusomeka.

Uvuvi mwingi wa biashara hauna mshahara wa mwezi, una mafungu. Mpangilio unatofautiana, ila mifupa yake ni hii: kwenye mauzo inatoka kwanza kamisheni na ushuru, inatoka gharama ya safari yaani mafuta, barafu, chambo, chakula, kinachobaki kinakatwa kati ya boti na watu, afu watu wanagawana. Nahodha anachukua zaidi ya fungu moja. Wakati mwingine injini ina fungu lake na nyavu ina fungu lake, kana kwamba nazo ni mabaharia, na mwenye boti anapokea yote hayo.

Chora kwa tarakimu. Tuchukue mfano wa kubuni, bila pesa ya nchi yoyote. Boti imeuza vya 100. Gharama 40. Imebaki 60, boti inachukua nusu, 30, na watu 30. Nahodha ana mafungu mawili, mabaharia wanne kila mmoja fungu moja, jumla mafungu sita, kwa hiyo kila fungu ni 5. Safari inayofuata samaki wamekuwa nusu: mauzo 50. Mafuta hayajui kwamba samaki wamepungua, gharama ni ileile 40. Imebaki 10, boti 5, watu 5, mafungu sita, kila fungu halifiki hata 1, ni kama 0.83. Angalia tena hapo: samaki wamepungua mara mbili tu lakini mkono wa baharia umepungua mara sita. Na safari ya tatu ikirudi mtupu kuna 40 ya gharama inaning'inia, ambayo kwa makubaliano mengine inasubiri safari ya nne, ikatwe kabla mtu hajapata kitu.

Ukishaichora hivyo utaelewa mwenyewe kwa nini nahodha ametoka siku ambayo upepo hauko sawa, kwa nini wameenda mbali zaidi na mafuta yakaongezeka, kwa nini tundu la nyavu limepungua mwaka hadi mwaka. Huna haja ya kumwandikia msomaji kwamba maisha ni magumu. Muwekee hesabu tu.

Maswali ya kuuliza, sio yote kwa siku moja na sio mbele ya wote:

- Bei mlijua saa ngapi, kabla ya kutoka au baada ya kushusha?
- Nyavu na injini zilinunuliwa kwa pesa ya nani, na kwa sharti gani? (Hapa ndo unakutana na mnunuzi aliyetoa mkopo, na mkopaji analazimika kumuuzia yeye tu, kwa bei yake.)
- Samaki wa kitoweo wa kila mtu wanahesabiwa au wako nje ya hesabu?
- Mtu akikatwa na ndoana akakaa nyumbani wiki mbili, fungu lake linakwenda wapi?
- Siku za kushona nyavu zinalipwa?

Hilo la mwisho likupe kazi ya ziada. Chukua fungu la mwezi, ligawanye kwa saa zote, za baharini, za kushona, za kusukuma boti, za kusubiri bei, na uone saa moja imelipwa nini. Mara nyingi wenyewe hawajawahi kuifanya hesabu hiyo na ukiwaonyesha mtakaa hapo muda mrefu mnabishana, acha wabishane, andika.

Sasa tahadhari: usimgeuze mwenye boti kuwa shetani kwa sababu tu anachukua nusu. Nenda kwake na daftari lilelile. Nyavu iliyopotea ni yake, injini iliyoungua ni yake, na wakati mwingine naye ana deni kwa mtu ambaye hajawahi kulowa. Akikubali uone daftari la boti, omba kupiga picha kurasa za msimu mzima, sio za safari nzuri tu.

Hatua ya 8: Kisiwa

Kisiwa usikiandike kama mahali ambapo muda umesimama, huo ni uongo na unawaudhi wenyewe. Watu wa kisiwani ndo wanaohamahama kuliko wengi: shule iko ng'ambo, hospitali kubwa iko ng'ambo, kazi iko ng'ambo. Ulizia vitu vya kushikika. Maji ya kunywa yanatoka wapi na yalishawahi kuisha lini. Mafuta yanaletwa na nani. Boti ya abiria isipokuja siku tano kwa sababu ya upepo, nini kinaisha kwanza dukani? Mama mwenye uchungu usiku wa dhoruba anafanyaje? Ulizia nani ameondoka na anatuma nini, nani amerudi na kwa nini amerudi.

Na usiwe na haraka ya kukizika. Waandishi wanapenda sana visiwa vilivyohamwa, St Kilda ya Scotland ikitajwa kila mara, watu 36 wa mwisho walitolewa Agosti 1930. Sawa, ila weka na Tristan da Cunha mezani, kisiwa cha Uingereza huko Atlantiki ya kusini. Volkano ililipuka 1961, kisiwa kizima kikahamishiwa Uingereza, lava ikafunika kiwanda cha kambakochi, kila kitu kilionyesha imekwisha, na 1963 watu wengi wao walichagua kurudi, wakarudi, na mpaka leo kambakochi ndo mhimili wa uchumi wao. Kwa hiyo ukisikia "kizazi hiki ndicho cha mwisho" iandike kama maneno ya aliyesema, usiifanye hukumu yako.

Jambo lingine, kisiwani kila mtu ni ndugu au shemeji ya mtu. Ukiandika "jirani mmoja alisema nahodha ni mlevi" umedhani umeficha jina, kumbe pale wote wanajua jirani ni nani kabla hawajafika nukta. Kuficha jina hakutoshi, inabidi uangalie na vitu vinavyomzunguka: umri, boti, nyumba, ajali aliyopata.

Hatua ya 9: Hakikisha

Wavuvi wanasimulia vizuri, na msimulizi mzuri samaki wake wanakua kila mwaka. Simulizi la dhoruba kubwa lichukue kwa watu wawili waliokuwemo, kila mmoja peke yake, afu tafuta rekodi ya hali ya hewa ya siku hiyo. Wakitofautiana andika tofauti yao, ni tamu kuliko kuchagua mmoja.

Uzito ulizia ni wa samaki mzima au aliyetolewa matumbo. Tani za serikali mara nyingi zinarudishwa kuwa uzito wa samaki mzima hata kama aliyeshushwa hana kichwa, ukichanganya na za daftari la diko utapata "wizi" ambao haupo.

Meli kubwa ifuate kwa namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari), tarakimu 7, ambayo inabaki na meli ileile hata ikibadilishwa jina, rangi na bendera. Global Fishing Watch wana ramani ya bure mtandaoni inayoonyesha nyendo za meli zinazorusha ishara ya mahali zilipo. Lakini ishara kupotea sio ushahidi wa uhalifu, chombo kinaweza kuwa kibovu, mapokezi yanaweza kuwa duni, kwa hiyo andika kilichoonekana na muulize mwenye meli kabla ya kuchapisha.

Ukitaja historia, weka chanzo cha tukio na sio huzuni yake tu. Kanada ilifunga uvuvi wa chewa wa kaskazini (cod kwa Kiingereza) huko Newfoundland Julai 1992 na watu zaidi ya 30,000 wakakosa kazi, hilo wengi wanaliandika. Wachache wanaongeza kwamba tathmini za wataalamu zilikuwa zimekadiria samaki wengi kuliko waliokuwepo, wakati wavuvi wadogo wa karibu na pwani walikuwa wanalalamika kwamba samaki wanapungua. Hiyo sehemu ya pili ndo yenye kazi kwenye maandishi yako, maana inakukumbusha kuweka daftari la mvuvi na ripoti ya ofisi pembenipembeni.

Hatua ya 10: Mambo mazito

Kifo cha baharini usikifanye mlango wa kuingilia habari ili msomaji ashtuke. Nenda kwa familia, nenda bila kinasa sauti, na kubali wakikataa. Mwili usipopatikana kuna maswali ya mirathi, ya ndoa na ya matanga ambayo yanakaa miaka, hayo ndo yanaeleza hasara, kuliko wimbi lenyewe.

Uvuvi haramu, baruti, nyavu za tundu dogo, leseni zilizokwisha, utakutana navyo tu. Amua kabla ya kwenda utafanya nini ukiona, na uwaambie. Ukiahidi kuficha, ficha mpaka kwenye simu yako: picha, majina kwenye daftari, mahali. Kuelezea kwa nini mtu anafanya hakumsafishi, na kuacha kuelezea kunamfanya msomaji adhani ni ujinga, wakati hesabu ya hatua ya 7 ingemjibu.

Hatua ya 11: Kuandika kwenyewe

Anza na kazi inayoendelea. Linganisha hivi vipande viwili, vyote nimevitunga kwa mfano. Cha kwanza: "Usiku ulikuwa mzito na bahari ilinguruma huku wavuvi jasiri wakipambana na mawimbi kutafuta riziki." Kinaweza kuwa boti yoyote, bahari yoyote, na hakuna kinachofanyika. Cha pili: "Saa nane na robo nahodha alizima injini. Wa tezini alianza kuvuta kamba ya risasi, mwenzake kamba ya maboya, wa tatu kashika tochi mdomoni anatoa samaki kwenye matundu kwa kidole gumba, samaki mkubwa anamrusha kwenye barafu, mdogo anamrusha miguuni. Miguuni palijaa kwanza." Hapo hakuna sifa ya kupamba hata moja na msomaji ameshajua safari imekwendaje.

Neno la kazi litumie kwenye tendo, usisimame kulieleza. Ukisema "akakumba maji ya ngama kwa kopo la rangi lililokatwa" hata asiyewahi kupanda boti amepata picha.

Mpangilio uko wa aina nyingi, mimi ninaoupenda ni wa safari moja iliyokatwakatwa: wanatoka, unaingiza deni la injini, wanasubiri, unaingiza kisiwa, wanavuta, hapo usiingize kitu, acha wavute, wanashusha, unaingiza soko, wanagawana. Ila usiunganishe safari tatu ukazifanya moja. Kama samaki wengi walikuwa Jumanne na ugomvi ulikuwa Ijumaa, ni siku mbili, ziandike mbili. Mazungumzo ya kwenye nukuu yawe yale uliyoyarekodi au kuandika papohapo, mengine yaeleze kwa maneno yako bila alama za nukuu.

Toa "riziki", "jasiri" na "katili" zote kwenye rasimu ya pili uone kama kuna kilichopungua.

Hatua ya 12: Warudishie

Kabla ya kutoa, wasomee. Sio kuwapa waidhinishe, ni kuwasomea kwa sauti sehemu zinazowahusu, na uchague siku ambayo hawatoki baharini. Wakisema "kamba ile haifungwi hivyo" rekebisha palepale. Wakisema "hapo umenichora vibaya" sikiliza, angalia kama ni kosa la ukweli au ni mtu hajapenda kujiona, la kwanza unabadilisha, la pili unapima. Hesabu ya mgao isomee pande zote mbili, mwenye boti na mabaharia, kwa nyakati tofauti, utashangaa mistari mingapi wanakubaliana.

Picha nazo waonyeshe, hasa za watoto na za nyumbani. Na suala la jina liulize upya kwa kila mtu ukishamaliza kuandika, hata kama alikubali mwanzo, kwa sababu alipokubali hakujua ungeandika deni lake. Mtandaoni jina unaweza kulitoa hata baadaye mtu akibadili mawazo, ila kwenye karatasi ikishapigwa chapa ndo basi, kwa hiyo kwa kitabu uliza mara mbili na uandike tarehe aliyokujibu.